Ukuta wa Mawimbi: Habari za Chanjo ya Homa ya Mafua kwa Watoto wa Shule wa Japani

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi taifa la Japani lilivyowachanja watoto wake wa shule kwa ajili ya homa ya mafua, tangu mwaka 1962 hata mwaka 1994. Jinsi jambo hilo lilivyoanza, likapata nguvu ya sheria, likaachwa, kisha likahukumiwa upya baada ya kwisha kuachwa. Habari zenyewe ni za utabibu, na mwandishi si tabibu. Lakini ndani yake mna swali ambalo si la utabibu peke yake, nalo ni hili: je, ni haki kumchoma mtoto sindano ili kumwokoa babu yake? Wajapani walilijibu swali hilo kwa vitendo miaka mingi kabla ya kuliuliza kwa maneno, na walipoliuliza kwa maneno, jibu likageuka.

Yafaa tuanze na majina, maana katika habari hizi majina yamewapoteza watu wengi. Kwa Kijapani mafua ya kawaida huitwa *kaze*, na matamshi hayo hayo ndiyo ya neno la upepo, ila katika maandishi yale mafua huongezewa herufi yenye maana ya uovu. Zamani, kila mara maradhi yalipoenea nchi nzima, watu waliyapa jina lake. Yale ya miaka ya 1780 yaliitwa Tanikaze, kwa jina la mpiga mieleka mashuhuri Tanikaze Kajinosuke, ambaye mwenyewe alifariki mwaka 1795 wakati maradhi ya namna hiyo yalipokuwa yameenea tena. Neno influenza ni la Kitaliani, na maana yake ni athari, yaani athari ya nyota juu ya miili ya wanadamu. Sisi kwa Kiswahili twasema homa ya mafua, na sina hakika kwamba jina hili limetufaa. Msikiaji hudhani kuwa ni mafua yale yale ya kamasi na chafya yaliyozidi kidogo, wala hafikiri kwamba ni maradhi yale yaliyoingia kwa bandari zetu mwaka 1918 yakaua watu wengi Afrika ya Mashariki katika miezi michache.

Neno chanjo nalo lina habari yake. Kuchanja ni kukata au kupasua, kama mtu achanjavyo kuni. Na mganga humchanja mgonjwa chale akatia dawa ndani yake. Chanjo ya ndui ilifanana na kazi hiyo, kwa kuwa ngozi ilikwaruzwa na dawa ikapakwa juu ya mkwaruzo, basi neno likahamia huko bila taabu. Chanjo ya homa ya mafua haina chale. Ni sindano, na siku hizi pengine ni dawa ya kupulizwa puani, wala hapana kinachochanjwa. Hata hivyo neno limebaki, na hapana haja ya kulifukuza.

Virusi vya maradhi haya vilipatikana kwa mara ya kwanza katika mwanadamu mwaka 1933, London, kwa kazi ya Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw. Waliyachukua maji ya kusukutua koo za wagonjwa wakawatilia puani wanyama waitwao fereti, ambao ni wa jamii ya kicheche, nao wakaugua. Miaka michache baadaye fereti mmoja mgonjwa alimpigia chafya usoni kijana mmoja wa watabibu wa kazi hiyo, Charles Stuart-Harris, naye akashikwa na homa. Hivyo ushahidi ukatimia kwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Baada ya hapo ilionekana kwamba virusi hivi huota vizuri ndani ya yai la kuku lenye kinda, na kwa njia ya mayai Thomas Francis na Jonas Salk wakatengeneza chanjo kwa ajili ya jeshi la Marekani katika miaka ya vita vya pili vya dunia. Chanjo ilifaa. Kisha mwaka 1947 haikufaa hata kidogo, kwa sababu virusi vilikuwa vimebadilika. Hapo watabibu wakajua kwamba adui huyu hubadili nguo kila baada ya miaka michache, na kwamba chanjo ya jana huenda isiwe kitu kesho. Jambo hili msomaji alishike, maana litarudi.

Mwaka 1957 virusi havikubadili nguo tu, vilibadilika mwili mzima. Maradhi yalianzia Uchina, na katika mwezi wa Aprili yakawa yamejaa Hong Kong. Maurice Hilleman, aliyekuwa katika taasisi ya utabibu ya jeshi la Marekani iitwayo Walter Reed, alisoma gazetini habari za umati wa watu waliongoja matibabu katika mji huo, na watoto waliobebwa na mama zao wakiwa na macho yaliyolegea. Akaagiza maji ya koo ya askari mmoja aliyeugua Japani, akavipata virusi ndani yake, akavijaribu kwa damu za watu wengi. Karibu damu zote hazikuwa na kinga yoyote, isipokuwa za wazee wachache waliopita miaka 70, ambao walikuwa hai wakati wa maradhi makubwa ya mwaka 1889 na 1890. Hilleman aliwahimiza watengenezaji wa chanjo, na inasimuliwa kwamba aliwataka wawaonye wafugaji wa kuku wasiwachinje majogoo wao msimu ule, kwa kuwa bila majogoo hapana yai lenye kinda, na bila yai hilo hapana chanjo. Chanjo ilipatikana katika muda wa miezi michache, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kabla yake. Lakini shule za Marekani zilipofunguliwa mwezi wa Septemba, maradhi yakalipuka madarasani, na chanjo nyingi zikafika baada ya wimbi kwisha kupita. Watu waliokufa duniani kwa maradhi ya mwaka ule na miaka iliyofuata hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja.

Japani nayo iliona mambo hayo hayo. Shule zilifungwa kwa wingi, na watu wakaona wazi mwendo wa maradhi: mtoto huyapata darasani, huyapeleka nyumbani, na nyumbani yumo bibi au babu ambaye mapafu yake yamechoka. Yafaa ikumbukwe kwamba katika Japani ya siku zile lilikuwa ni jambo la kawaida mzee, mwanawe na wajukuu kukaa chini ya dari moja, wakala pamoja na kulala katika vyumba vilivyogawanywa kwa karatasi. Mtoto hufa kwa nadra kwa homa ya mafua. Ni mzee afaye. Lakini mtoto ndiye mjumbe. Kutokana na hayo ikazuka hoja iliyokuja kuitwa *gakudo bohatei*, maana yake ukuta wa mawimbi wa watoto wa shule. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa ukuta huo ni kitu gani: ni yale mawe yanayotiwa baharini mbele ya bandari, ili yapigwe na mawimbi na vyombo vilivyo nyuma yake vitulie. Hoja ilikuwa nzuri kwa hesabu. Kasoro yake ilikuwa katika mfano wenyewe, maana jiwe haliumwi likipigwa.

Mwaka 1962 basi kazi ikaanza. Hapakuwa na taifa jingine lililochukua njia hii. Karibu mataifa yote tajiri yaliyokuwa na chanjo yaliamua kuwachanja wazee na wagonjwa wenyewe. Japani ilikuwa tayari na chombo cha kufanyia kazi, nacho ni sheria ya chanjo ya mwaka 1948, iliyowafanya watu wazoee kuchanjwa kwa makundi na kwa amri. Sheria hiyo ilizaliwa na msiba, kwa kuwa katika mwaka ule ule wa 1948 watoto wachanga zaidi ya 80 walikufa Kyoto na Shimane baada ya kupewa chanjo ya dondakoo ambayo sumu yake haikuwa imeuliwa sawasawa. Amri haikuondolewa kwa sababu ya msiba huo. Watoto wa shule walipangwa mistari, mikono ya nguo ikakunjwa, tabibu akapita na sindano yake. Chanjo ya miaka ya kwanza ilikuwa na virusi vizima vilivyouawa, na iliwatia homa watoto wengi. Tangu mwaka 1972 ikatumiwa chanjo ya virusi vilivyovunjwa vipande, ambayo ilikuwa pole zaidi. Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1976, chanjo ya homa ya mafua kwa watoto wa shule ikawa faradhi kwa mkazo mpya, na pamoja nayo yakawekwa malipo ya fidia kwa wale walioumizwa na chanjo.

Je, ilithibitishwa kwamba ukuta ulizuia mawimbi? Hapana, haikuthibitishwa, na hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa habari hii. Katika nchi iliyowachanja karibu watoto wote hapakuwa na watoto wa kulinganishwa nao. Ushahidi bora wa miaka ile ulitoka mbali, katika mji mdogo wa Tecumseh, jimbo la Michigan. Mwaka 1968 virusi vipya vilitokea tena Hong Kong, na chanjo yake ikapatikana kwa uchache. Arnold Monto na wenzake, akiwemo Thomas Francis tuliyemtaja, waliwachanja watoto wa shule wa Tecumseh kiasi cha 85 katika kila 100, kabla maradhi hayajafika. Katika mji wa jirani uitwao Adrian watoto hawakuchanjwa. Maradhi yalipokuja, watu wa Adrian waliugua mara tatu zaidi kuliko watu wa Tecumseh, na nafuu hiyo ilionekana hata kwa watu wazima ambao hawakuguswa na sindano. Ulikuwa mji mmoja na msimu mmoja tu, na mtu mkaidi angeweza kusema kwamba ilikuwa bahati. Lakini hata leo hapana aliyeweza kuupuuza mfano huo.

Marekani yenyewe haikuufuata. Mwaka 1976 virusi vya nguruwe vilipomwua askari mmoja katika kambi ya Fort Dix, serikali iliamua kulichanja taifa zima, na watu zaidi ya milioni 40 wakachanjwa. Majaribio kwa watoto yalileta matatizo mara moja: chanjo ya virusi vizima iliwatia homa, na ile ya virusi vilivyovunjwa haikuwapa kinga ya kutosha kwa sindano moja. Walipokuwa bado wanashauriana, ikadhihirika kwamba baadhi ya watu wazima waliochanjwa walipatwa na maradhi ya kupooza yaitwayo Guillain-Barré, kwa uchache lakini zaidi ya ilivyo kawaida. Kazi ikasimamishwa mwezi wa Desemba. Maradhi yaliyoogopewa hayakuja kabisa.

Turudi Japani. Mwishoni mwa mwaka 1979, katika mji wa Maebashi ulio katika mkoa wa Gunma, mtoto mmoja alishikwa na degedege baada ya kuchanjwa. Chama cha watabibu wa mji huo kikaamua kusimamisha chanjo ya homa ya mafua kwa watoto wote wa mji. Huo ulikuwa ni ujasiri, kwa maana sheria ilikuwa bado inawaamuru waendelee. Lakini hawakusimamisha na kukaa kimya. Kwa miaka kadhaa waliwahesabu watoto waliokosa shule kwa homa, wakapima damu zao, wakaulinganisha mji wao na miji ya jirani ambako chanjo iliendelea, kisha mwaka 1987 wakatoa taarifa yao. Hukumu yao ilikuwa kwamba hapakuwa na tofauti ya maana: homa ya mafua ilikuja na kupita katika mji usiochanja kama ilivyokuja na kupita katika miji iliyochanja.

Taarifa ya Maebashi ilisomwa na watu ambao hawakuwahi kusoma taarifa yoyote ya utabibu, na kila mzazi aliyekuwa na shaka akaishika mkononi. Baadaye wataalamu walioipitia upya waliona kasoro. Kipimo cha kukosa shule kwa homa huchanganya virusi vya kila namna, na kipimo kilichochanganya hivyo huifanya chanjo nzuri ionekane dhaifu. Hata katika hesabu za taarifa ile ile, watoto waliopata sindano zote mbili walionekana kuugua kidogo kuliko wasiochanjwa. Tena taarifa hiyo iliwatazama watoto peke yao, na hali hoja ya ukuta wa mawimbi ilikuwa ni juu ya wazee. Hapana aliyekwenda kuhesabu makaburi ya wazee wa Maebashi. Nasema hivi si kwa kuwalaumu watabibu wale, ambao walifanya kazi ya kuhesabu ambayo wizara ilipaswa kuifanya miaka 20 kabla yao wala haikuifanya.

Mwaka huo huo wa 1987 sheria ilalegezwa, na wazazi wakapewa ruhusa ya kukataa. Idadi ya waliochanjwa ikaanza kushuka mara moja. Nyuma ya mabadiliko hayo palikuwa na kesi mahakamani. Jamaa za watoto waliokufa au kulemazwa na chanjo za namna mbalimbali, za ndui, za kifaduro na nyinginezo, walikuwa wameishtaki serikali kwa miaka mingi, na mwezi wa Desemba mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Rufani ya Tokyo ikaamua kwamba serikali ina hatia, kwa kuwa haikuwachunguza vya kutosha watoto ambao haikufaa kuwachanja. Serikali haikukata rufani. Mwaka 1994 sheria ilibadilishwa: faradhi ya kuchanjwa ikaondolewa, na homa ya mafua ikatolewa kabisa katika orodha ya chanjo za sheria. Mstari wa watoto wenye mikono iliyokunjwa ukatoweka shuleni.

Kuna jambo jingine la mistari ile ambalo lilikuja kujulikana baadaye, nalo ni zito kuliko hoja zote za hesabu. Katika chanjo za makundi, za maradhi mbalimbali, sindano au bomba moja lilitumiwa kwa watoto wengi mfululizo, na desturi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1988. Kwa njia hiyo homa ya ini ya namna ya B ilipita kutoka damu ya mtoto mmoja hata nyingine. Watu watano wa Hokkaido waliishtaki serikali, na mwaka 2006 Mahakama ya juu kabisa ikawapa haki. Mwaka 2012 ikaanza kazi sheria maalumu ya kuwalipa wote walioambukizwa hivyo, na serikali yenyewe ilikadiria kwamba huenda wakazidi 400,000. Haikuwa kosa la chanjo ya mafua yenyewe. Ilikuwa ni kosa la haraka na la ubahili, na la mazoea ya kumtazama mtoto kuwa mmoja katika mstari. Lakini mzazi aliyepata habari hizi hatakubali kirahisi kupambanuliwa kati ya dawa na bomba lililoileta.

Baada ya mwaka 1994 chanjo ilikwisha karibu kabisa. Misimu ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa mibaya. Wazee walikufa kwa makundi katika nyumba za kuwatunzia, na watoto wadogo walipatwa na maradhi ya ubongo yatokanayo na homa ya mafua, maradhi ambayo huko Japani yameonekana kwa wingi kuliko mahali pengine. Ndipo watu wakaanza kuuliza kama ukuta uliobomolewa ulikuwa na kazi yake.

Jibu mashuhuri zaidi lilitolewa mwaka 2001 na Thomas Reichert pamoja na wenzake wa Marekani na Japani, akiwemo Norio Sugaya. Hawakuhesabu wagonjwa. Walihesabu vifo vyote vya miezi ya baridi kwa miaka karibu 50, wakatoa idadi ya kawaida ili wapate ziada, wakailinganisha Japani na Marekani. Kabla ya kuwachanja watoto, ziada ya vifo Japani ilikuwa mara tatu au nne ya ile ya Marekani. Chanjo ilipoenea ziada hiyo ilishuka hata ikalingana nayo, na chanjo ilipoachwa ikapanda tena. Kwa hesabu yao, chanjo ya watoto iliokoa watu kati ya 37,000 na 49,000 kila mwaka, yaani mtu mmoja kwa kila watoto 420 hivi waliochanjwa.

Hesabu hiyo ni kubwa mno, na ukubwa wake umewafanya wengine waitilie shaka. Hoja zao si za kudharauliwa. Japani ya mwaka 1962 haikuwa Japani ya mwaka 1987; katika miaka hiyo watu walitajirika, nyumba zikapata joto, hospitali zikaongezeka, na wazee wengi wakaacha kulala chumba kimoja na wajukuu. Mambo yanayokwenda pamoja si lazima moja liwe limeleta jingine. Mimi naona kwamba kushuka kwa vifo kungeweza kuelezwa kwa utajiri, lakini kupanda kwake baada ya mwaka 1987 hakuelezeki hivyo kwa urahisi, maana Japani haikuwa maskini katika miaka ile. Wazee waliongezeka, ni kweli, na jambo hilo lina sehemu yake. Mwenye kutaka yakini hataipata katika makaratasi haya.

Vipimo vidogo vilivyofuata vimekubaliana na ukuta. Katika shule moja ya msingi ya Tokyo zilihifadhiwa hesabu za miaka 24, tangu mwaka 1984, za siku ambazo madarasa yalifungwa kwa sababu ya homa ya mafua. Wakati wa chanjo ya faradhi, siku hizo zilikuwa moja hivi kwa mwaka; wakati ambapo hapakuwa na mtoto aliyechanjwa isipokuwa mmoja mmoja, zilikuwa kiasi cha 20. Na mwaka 2010 Mark Loeb na wenzake walitoa habari za majaribio waliyoyafanya Kanada katika vijiji 49 vya Wahutterite, jamii ya dini inayoishi kwa shirika na kula meza moja. Katika baadhi ya vijiji watoto walipewa chanjo ya homa ya mafua, na katika vingine walipewa chanjo ya maradhi mengine ya ini, wala hakuna aliyejua amepewa ipi. Watu wasiochanjwa walipata kinga ya kiasi cha 61 katika 100 kutokana na watoto waliowazunguka. Hili ndilo jaribio ambalo Wajapani hawakulifanya mwaka 1962.

Kabla ya taarifa hiyo kutolewa, virusi vipya vilikuwa vimekwisha kuja. Mwezi wa Aprili mwaka 2009 vilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika watoto wawili wa California, na tarehe 11 Juni Shirika la Afya la Ulimwengu likatangaza kwamba maradhi yameenea duniani. Safari hii mambo yalipinduka. Wazee walikuwa na kinga ya zamani kwa sehemu, kwa kuwa katika utoto wao walikutana na virusi vya jamaa hiyo kabla ya mwaka 1957. Waliokuwa wazi ni watoto na vijana. Marekani peke yake ilikadiriwa kuwa watoto zaidi ya 1,000 walikufa. Basi mtoto hakuchanjwa kwa ajili ya babu yake tena, alichanjwa kwa ajili ya nafsi yake, na swali tulilolianza nalo likaonekana kama limekwisha.

Halikwisha. Mwezi wa Agosti mwaka 2010 zilitoka habari Finland na Sweden kwamba watoto na vijana waliopewa chanjo moja ya maradhi hayo, iitwayo Pandemrix, walikuwa wakipatwa na narkolepsi, maradhi ya kulala ghafula mchana yasiyopona. Uchunguzi ulithibitisha uhusiano huo. Katika Finland ilikuwa kiasi cha mtoto au kijana 1 katika kila 16,000 waliochanjwa wa umri wa miaka 4 hata 19, na mwaka 2011 idara ya dawa ya Ulaya ikaamuru kwamba walio chini ya miaka 20 wasipewe chanjo hiyo maadamu nyingine ipo. Chanjo nyingine za mwaka ule, zilizotengenezwa kwa namna tofauti, hazikuonekana na madhara hayo. Walakini ndipo inapoonekana kwamba ni jambo moja kumwambia mzazi kwamba mwanawe aliumizwa katika kumkinga yeye mwenyewe, na ni jambo jingine kumwambia kwamba aliumizwa katika kuwakinga wengine. Uingereza iliwajibu wazazi kwa njia yake mwaka 2013, ilipoanza kuwapa watoto dawa ya puani kila mwaka, ikisema wazi kwamba faida yake ni kwa mtoto na kwa jamaa zake pia, na kwamba mzazi ana hiari.

Huko Japani virusi vya mwaka 2009 viliingia kwa mlango ule ule wa zamani. Katika mwezi wa Mei vilionekana kwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Kobe ambaye hakuwa amesafiri nje ya nchi, na kwa muda wa juma moja shule za mikoa ya Hyogo na Osaka zikafungwa. Sheria ilikuwa imerekebishwa mwaka 2001 ikawarudisha katika orodha wazee waliopita miaka 65 peke yao, wachanjwe wao wenyewe kwa hiari, watoto hawakurudishwa. Chanjo ya virusi vipya ilianza kutolewa mwezi wa Oktoba, kwanza kwa watabibu na wauguzi, na zamu ya wanafunzi wengi ilipofika wimbi lilikuwa limekwisha kufikia kilele chake. Mwisho wa maradhi, Japani ilihesabu vifo vipatavyo 200, ambavyo kwa taifa la watu zaidi ya milioni 120 ni vichache kuliko vya nchi nyingi. Wengi wamesema ni kwa sababu ya kuzifunga shule mapema na ya dawa za homa hiyo walizopewa wagonjwa siku ya kwanza au ya pili. Watoto waliochanjwa walichanjwa katika zahanati, mmoja mmoja, sindano mbili kwa walio chini ya miaka 13, kila mmoja na bomba lake, na karatasi iliyotiwa sahihi na mzazi.